Sayansi kwa watoto: mchezo huru, swali moja au jaribio la hatua kwa hatua?

Mwalimu wa darasa la tatu anayetaka kufundisha kuelea na kuzama ana njia tatu mbele yake. Anaweza kuweka beseni la maji na rundo la vitu, akawaachia watoto wacheze. Anaweza kuwapa vitu vilevile pamoja na swali moja la kuhangaika nalo: fanyeni udongo huu uelee. Au anaweza kuandika hatua ubaoni, ya kwanza mpaka ya saba, watoto wakazifuata na kujaza jedwali. Zote tatu huitwa "kujifunza kwa vitendo", na kwenye semina za walimu mara nyingi hutajwa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja. Kumbe kila moja ina gharama yake na muda wake, ina mada inayoifaa na mada inayoiharibu.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Usichague njia kwa kuwa unaipenda au kwa kuwa imesifiwa. Angalia kwanza mada yenyewe inamjibu mtoto haraka kiasi gani, na akikosea inamgharimu nini. Kitu kinachomjibu papo hapo bila kumuumiza, mwachie acheze. Kinachojibu baada ya siku tano, mpangie. Kinachoweza kumuunguza, kishike wewe.

Mgawanyo wa namna hii si mgeni. Mwaka 1965 David Hawkins, mwanafalsafa wa sayansi wa Marekani, aliandika kuhusu namna tatu za kazi ya sayansi darasani na kuzipa alama za duara, pembetatu na mraba. Duara ni watoto kuchezea vitu bila maelekezo, pembetatu ni kazi yenye mwongozo ambayo kila mtoto anaifuata kwa mwendo wake, na mraba ni mazungumzo ya darasa zima pamoja na maelezo ya mwalimu. Mgawanyo wetu haufanani na wake moja kwa moja, lakini kuna jambo lake moja tunalolishikilia: alikataa kwa makusudi kuzipa namba, ili mtu asidhani ipo ya kwanza na ipo ya mwisho.

## Kuelea na kuzama: waache wacheze

Hapa mchezo huru unazishinda njia nyingine kwa mbali. Mtoto akitumbukiza msumari, maji yanamjibu palepale. Akikosea, hasara ni sakafu iliyolowa. Ndani ya nusu saa anarudia, anabadilisha, anaiga cha mwenzake, anabishana naye. Anayefuata hatua za ubaoni atatumbukiza vitu saba alivyotajiwa, na mara nyingi atakuwa ameshaangalizia jedwali la jirani kabla hajalowesha mkono.

Beseni moja la lita 20 linatosha watoto watano au sita. Maji yawe na kina cha sentimita 15 hivi. Yakiwa machache, kijiti kirefu kitagusa chini na mtoto hatajua kama kimezama au kimesimama. Yakijaa, nusu yatamwagika mapema. Weka beseni chini, nje, kivulini. Juu ya dawati litaangushwa. Na watoto wa awali wasiachwe na beseni la maji bila mtu mzima hata kidogo: mwaga maji mara tu kipindi kinapoisha.

Kazi halisi ya mwalimu kwenye mchezo huru ni kuchagua vitu, na huifanya kabla watoto hawajafika. Beseni lenye mawe, misumari na vijiti tu linafundisha uongo, kwamba kizito huzama na chepesi huelea. Watoto wataondoka wakiuamini zaidi kuliko walivyokuja. Kwa hiyo changanya vitu vinavyoivunja kanuni hiyo:

- Kipande cha mti laini kikubwa kama ngumi, kizito mkononi lakini kinaelea, na punje ya changarawe ambayo haina uzito wa kuhisiwa lakini inazama.
- Machungwa mawili, moja na ganda lake, jingine limemenywa. La kwanza huelea, la pili mara nyingi huzama, kwa sababu ile nyama nyeupe ya ganda imejaa hewa.
- Kipande cha mpingo. Ukiwa karibu na wachonga vinyago, omba mabaki. Mpingo ni mti, na huzama. Watoto waliokwisha kuamua kwamba miti yote huelea watakigeuza geuza mpingo huo mpaka wachoke.
- Kipande cha mshumaa, plastisini (udongo bandia wa kuchezea), chupa ndogo ya plastiki yenye kifuniko, vizibo vya soda.

Kizibo cha soda kinastahili kutazamwa kwa karibu. Kiweke taratibu juu ya maji, uwazi ukiangalia juu: kinaelea. Kiinamishe kidogo maji yaingie: kinazama, kikiwa kilekile na uzito uleule. Kidumbukize kikiwa kimelala ubavu: kinakwenda chini moja kwa moja. Mtoto aliyekuwa anasema "chuma huzama" sasa ana tatizo la kweli, tena hakuna aliyemletea ila kizibo chenyewe. Wapo watakaopakia punje za mchele mojamoja ndani yake mpaka kizame, kisha waanze upya. Usiwakatize. Wazo la umbo na hewa linajengeka hapo, muda mrefu kabla neno densiti, yaani uzito wa kitu ukilinganishwa na ukubwa wake, halijatajwa.

Udongo wa mfinyanzi unapendekezwa sana kwa sababu haununuliwi, lakini ndani ya maji hulainika, ukuta wa chombo huporomoka, na beseni zima huwa tope ambalo hakuna anayeona kitu ndani yake. Kama plastisini haipatikani, ufungie udongo ndani ya nailoni nyembamba kabla ya kuufinyanga.

Mchezo unapoanza kujirudia, yaani watoto wanatumbukiza vilevile bila kubadilisha chochote, usiukatishe kwa somo. Ongeza kitu. Yai bichi ndani ya glasi ya maji ya mililita 300 huzama; likitolewa, ukakoroga vijiko vikubwa viwili hadi vitatu vya chumvi mpaka iyeyuke, likirudishwa huelea. Yajaribu mayai yako nyumbani kwanza, maana yai la siku nyingi huelea hata kwenye maji matupu kwa sababu hewa ndani yake imeongezeka, na ukilileta darasani litavuruga kila kitu.

Baada ya vipindi viwili hivi vya mchezo, swali moja huingia vizuri: kila kikundi kipewe karatasi ya foili ya sentimita 15 kwa 15, kitengeneze chombo kitakachobeba mzigo mkubwa zaidi wa changarawe au misumari bila kuzama. Kwa faida yako mwalimu, na si ya kuwaambia: ukikunja kuta za sentimita 2.5 pande zote, unapata kitako cha sentimita 10 kwa 10 na ujazo wa sentimita za ujazo 250, ambao ndio mkubwa kuliko wote kwa karatasi hiyo. Kuta za sentimita 5 huacha kitako cha 5 kwa 5, ujazo 125 tu. Watoto wengi huanza na moja ya makosa mawili: kuta ndefu mno na kitako chembamba kinachopinduka, au sahani iliyo karibu kuwa bapa inayoingiza maji kwa wimbi la kwanza. Vyombo vingi huzama kabla ya kujaa, na kisa ni mzigo uliorundikwa upande mmoja. Wakigundua hilo wenyewe, wameshaanza kuzungumzia mizani.

## Umeme: swali moja, vifaa vilivyokaguliwa

Umeme nao hujibu haraka, kwa hiyo mtu anaweza kudhani unafaa mchezo huru. Tofauti ni hii: balbu isipowaka, haimwambii mtoto kosa liko wapi. Huenda balbu imeungua, betri imekwisha, waya haujagusa vizuri, au njia yenyewe si sahihi. Mtu mzima mwenye uzoefu huondoa sababu mojamoja. Mtoto wa miaka minane huona tu kwamba haiwaki, akaacha. Mwenzake wa upande wa pili ataunganisha waya kutoka ncha moja ya betri mpaka nyingine bila balbu katikati. Hapo waya hupata moto wa kuchoma vidole na betri hufa ndani ya muda mfupi.

Kwa hiyo punguza vifaa mpaka visipungue tena. Kila watoto wawili wapewe betri moja kubwa ya tochi ya volti 1.5, balbu moja ya tochi na waya mmoja wa sentimita 20 uliomenywa sentimita 2 kila upande. Swali: washeni balbu. Bila kishikio cha balbu, bila swichi, bila mchoro ubaoni. Wawili ndiyo idadi nzuri kwa sababu kazi inahitaji mikono zaidi ya miwili. Ukiweka watatu, mmoja atakuwa mtazamaji.

Wengi huanza kwa kugusisha waya ncha ya chini ya balbu na kichwa cha betri, basi. Wengine huweka balbu juu ya betri na kuacha waya unaning'inia. Mpaka wapate, zinaweza kupita dakika tano, zinaweza kupita ishirini, na kelele zitakazotoka kwa kikundi cha kwanza zitawaharakisha wengine. Balbu ina sehemu mbili za kugusia, nundu ya chini na ubavu wa chuma, na zote mbili lazima ziwe njiani. Wakishawasha, wape swali la pili: tafuteni njia nyingine. Zipo nne kwa jumla, kwa sababu nundu inaweza kukaa upande wa chanya au wa hasi, na kila mara ama nundu au ubavu ndio unaogusa betri moja kwa moja. Kila njia wanayoipata waichore. Michoro hiyo ni tathmini bora kuliko maswali kumi ya kuchagua, maana anayechora waya umeishia hewani hajaelewa, hata kama balbu yake iliwaka kwa bahati.

Kagua vifaa vyote jana yake. Mambo matatu ndiyo yanayoangusha somo hili mara kwa mara.

La kwanza ni balbu. Tochi nyingi zinazouzwa sasa zina taa za LED, si balbu zenye uzi ndani. LED nyeupe inahitaji karibu volti 3, kwa hiyo betri moja haitaiwasha kamwe, na hata kwa betri mbili itawaka upande mmoja tu: mguu mrefu uende kwenye chanya. Nyekundu na ya njano zinahitaji kama volti 2 na zinaweza kuungua zikiunganishwa moja kwa moja kwenye betri mbili mpya. Ukikosa balbu za uzi, tumia LED nyeupe na betri mbili zilizopangwa kichwa kwa mkia, lakini ujue somo limebadilika: sasa mtoto anagundua mwelekeo wa umeme, na zile njia nne hazipo.

La pili ni waya. Waya wa shaba unaotolewa kwenye mota au spika za zamani umepakwa vanishi isiyoonekana, na mpaka ukwanguliwe kwa msasa haupitishi umeme. Vipande vya foili vilivyokunjwa mara kadhaa kuwa ukanda mwembamba hufanya kazi vizuri na havihitaji kumenywa.

La tatu ni chanzo cha umeme. Betri kavu za tochi na redio, basi. Umeme wa ukutani, betri ya pikipiki au ya sola na betri za simu zisikaribie watoto. Mbili za mwisho zinaweza kumwaga umeme mwingi kwa ghafla waya ukigusishwa vibaya. Betri ndogo bapa za saa ni hatari kwa namna nyingine: mtoto akimeza moja, inaweza kumchoma koromeo ndani ya saa chache.

Jaribio la hatua kwa hatua linafaa kwenye umeme siku watoto wanapopima, kwa mfano kulinganisha vitu vinavyopitisha umeme na visivyopitisha. Ukilianza nalo, watawasha balbu siku hiyohiyo bila kujua iliwaka kwa nini.

## Mbegu: panga kwanza, uhuru baadaye

Mbegu humshinda mpenzi wa mchezo huru. Mtoto akiachiwa afanye apendavyo atabadilisha udongo, maji, mahali na aina ya mbegu kwa mkupuo, na jibu litakuja siku ya nne akiwa ameshasahau alifanya nini. Hapa hatua kwa hatua ndiyo yenye faida, na hakuna sababu ya kuionea haya.

Tumia choroko au kunde za sokoni, zile za kupika. Mbegu za duka la pembejeo mara nyingi zimepakwa dawa ya sumu, hutambulika kwa rangi ya waridi, nyekundu au kijani, na hazifai kushikwa na watoto. Chukua makopo manne yanayofanana, weka pamba au kitambaa ndani, na mbegu 10 katika kila kopo:

1. Pamba yenye unyevu, dirishani.
2. Pamba yenye unyevu, ndani ya boksi lililofungwa.
3. Pamba kavu, dirishani.
4. Mbegu zilizofunikwa kabisa na maji, dirishani.

Kwa makopo ya kwanza mawili vijiko viwili vikubwa vya maji vinatosha, kisha kijiko kimoja kila pamba inapoanza kukauka. Ukiinamisha kopo na maji yakatiririka, umezidisha na mbegu zitaoza.

Kwa nini mbegu 10 na si moja? Kwa sababu mbegu nyingine zimekufa tangu sokoni. Ukiweka moja gizani isiote, darasa zima litaandika kwamba mbegu huhitaji mwanga, na litakuwa limedanganywa na mbegu iliyotobolewa na fukusi.

Kosa jingine ni la watu makini: kuloweka mbegu zote usiku kucha ili ziharakishe. Ukifanya hivyo, zile za kopo kavu zimeshakunywa maji, na baadhi zitaanza kuchipua humohumo kwenye pamba kavu. Kama unataka kopo la tatu liseme kweli, usiloweke hata moja.

Katika joto la pwani choroko huonyesha mzizi kwa siku mbili au tatu. Kwenye baridi ya Njombe au Limuru subiri zaidi, pengine wiki. Anza Jumatatu. Ukianza Ijumaa, pamba itakauka wikendi na panya wa stoo watakuja kumalizia.

Zile za boksini zitawashtua. Zitaota sawa na za dirishani, kisha zitarefuka kuzipita, zikiwa nyembamba na za rangi ya manjano hafifu. Watoto walitarajia zife. Wapo walimu wanaosahihisha matokeo hayo yaendane na walichokusudia kufundisha, na ni jambo la kusikitisha, kwa sababu mtoto anajifunza siku hiyo kwamba macho yake hayaaminiki. Waache wahesabu, wapime urefu kwa rula, wauone ukweli wenyewe: kuota hakukuhitaji mwanga, kukua vizuri kunauhitaji.

Uhuru huja raundi ya pili. Kila kikundi kichague kitu kimoja tu cha kubadilisha, kikilinganishe na kopo la kawaida. Watataka kumwagilia chai, maji ya chumvi, maji ya sabuni, soda. Waruhusu. Sharti ni moja, kitu kimoja kwa mara moja, na sasa wanalielewa kwa kuwa wameshaona faida yake.

## Moto: shika wewe, ila chunga maelezo

Onesho la mwalimu ndilo chaguo pekee pale penye moto, tindikali au maji yanayochemka. Hatari yake kubwa ni kwamba watoto hawana namna ya kuyapima anayosema mwalimu.

Mfano ni mshumaa ndani ya sahani yenye maji ya sentimita moja, ukafunikwa kwa glasi. Mshumaa unazimika, maji yanapanda ndani ya glasi. Maelezo yanayosambaa ni kwamba oksijeni imekwisha na maji yamechukua nafasi yake. Si sahihi. Maji hupanda zaidi baada ya mwali kuzimika, kwa sababu hewa iliyopashwa moto inapoa na kusinyaa. Ukiangalia vizuri mwanzoni utaona mapovu yakitoka chini ya mdomo wa glasi, hiyo ndiyo hewa iliyotanuka ikikimbia. Rudia kwa mishumaa miwili, kisha mitatu, chini ya glasi ileile. Maji yatapanda juu zaidi, ingawa oksijeni ya kwenye glasi haikuongezeka. Waulize watoto kabla ya kuwasha: mnadhani yatafika wapi? Weka alama kwa kalamu. Onesho likiulizwa hivyo, hata walioketi nyuma wanakuwa na la kufuatilia.

## Darasa la watoto 60

Ukiwa na watoto wengi, hesabu ya vifaa ndiyo inayoamua.

| | Watoto kwa seti | Maandalizi | Muda wa chini | Kinachoharibika kwanza |
|---|---|---|---|---|
| Mchezo huru | 5–6 | Kuchagua vitu | Vipindi 2 | Mchezo kujirudia |
| Swali moja | 2–3 | Kukagua vifaa | Kipindi 1 | Mmoja kufanya, wengine kutazama |
| Hatua kwa hatua | 4–5 | Kuandika hatua, kupima vipimo | Kipindi 1, au wiki kwa mbegu | Kunakili majibu |
| Onesho | Darasa zima | Kujaribu mwenyewe kwanza | Dakika 15 | Wa nyuma kutoona |

Mabeseni 12 kwa wakati mmoja ni kujitafutia balaa. Weka manne, watoto 20, na wengine 40 wawe na kazi ya kukaa: kuchora kitu walichokileta na kuandika utabiri wao. Zungusha kwa siku tatu. Kikundi cha siku ya tatu kitakuwa kimesikia mengi kwa wenzao, na hilo si tatizo, watakuja kuyahakiki.

Mzazi nyumbani ana nafasi ambayo mwalimu hana. Anaweza kuliacha beseni uani wiki nzima, mtoto akalirudia atakapo. Udhaifu wake ni kujibu haraka mno. Mtoto akiuliza kwa nini chungwa limezama, mpe jingine na kisu kisichokata sana, mwambie amenye nusu.

## Maneno ya mwalimu

"Kwa nini?" ni swali linaloharibu mchezo likiulizwa mapema. Mtoto hulichukulia kama mtihani, hutafuta neno kubwa alilowahi kulisikia, akalitoa. "Ukikijaza kizibo maji itakuwaje?" humrudisha kwenye beseni. Vivyo hivyo "umeona nini?", "vipi hivi viwili vinatofautiana?", "utajuaje?" Tumia hayo nusu saa ya kwanza, "kwa nini" isubiri mazungumzo ya pamoja, kila mtu akiwa na la kusimulia.

Na mtoto akija na jambo usilolitarajia, usilizime. Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba mwaka 1963 alipoona mchanganyiko wake wa aiskrimu uliowekwa kwenye friza ukiwa moto umeganda kabla ya uliopoa. Alichekwa. Mwaka 1969 yeye na Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa Dar es Salaam, walichapisha matokeo yao, na jambo hilo bado linajadiliwa na wanafizikia. "Sijui, tujaribu" ni jibu kamili la mwalimu, mradi kweli mjaribu.

## Na mtihani?

Wasiwasi wa walimu hapa ni wa haki. Mchezo huru hauzai istilahi, na mtihani unauliza istilahi. Ziba pengo hilo kwa kuleta neno baada ya tendo: darasa likishapakia vizibo mchele na kukunja foili, "densiti" huandikwa ubaoni kwa dakika kumi na hukaa. Likitangulizwa, watoto hulikariri na kulisahau.

Kupima walichojifunza kwa mchezo kunahitaji kitu tofauti na karatasi. Eleanor Duckworth, aliyesoma kwa Jean Piaget, alipotathmini nchini Kenya mpango wa sayansi ya shule za msingi barani Afrika ulioanza miaka ya 1960, aliwawekea watoto vitu mezani, akaangalia wanavifanyia nini bila kuambiwa, akawalinganisha na ambao hawakuwa kwenye mpango. Mwalimu wa kawaida anaweza kufanya vivyo hivyo kwa urahisi: mwisho wa mwezi rudisha beseni na vitu vipya vitatu, kaa pembeni na daftari, andika kila jambo tofauti ambalo kila mtoto anajaribu. Anayetumbukiza na kuondoka yuko mahali tofauti na anayekijaza kitu maji, anakiinamisha, anakilinganisha na cha jirani.

Tundika pia karatasi kubwa ukutani ya maswali yasiyojibiwa, kila swali na jina la aliyeliuliza. Liandike kama alivyolisema, kwa maneno yake, hata kama sarufi imepinda. Unapopanga kipindi kijacho, anza kwa kusoma karatasi hiyo. Mara nyingi swali moja la kutosha kikundi kizima limeshaandikwa hapo, na aliyeliuliza ndiye atakayekusaidia kubeba mabeseni.